Nyumba Njema si Mlango
Hotuba kwa vijana watengenezaji tovuti, Mombasa

Wakubwa shikamooni, na nyinyi wadogo mlioniamkia pale mlangoni, marahaba. Mwenyekiti amenipa dakika 20 na tayari anatazama saa.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi wa tovuti. Ni mfasiri. Nakula kwa kalamu, na tovuti niliianzisha 2009 ili watu wajue nipo na nafanya kazi gani. Ilipofika miaka kumi, ilikuwa imekuwa stoo. Kila kilichokosa mahali nilikitupa humo: sampuli za tafsiri, bei ya ukurasa mmoja, makala, misemo ya kanga niliyokuwa nikiikusanya tangu usichana, mapishi ya mkate wa sinia, picha za arusi ya kaka yangu, picha za watoto wangu wakiota meno. Siku moja akanipigia mteja mtarajiwa. Akasema, "Dada, tovuti yako nimeitembea nusu saa. Nzuri kweli. Sasa wewe unafanya kazi gani?"

Nilicheka, kisha nikakata simu nikakaa kimya muda.

Wanangu, mliosoma Kiswahili sekondari mnakumbuka sitiari. Mwalimu aliwaambia: kitu unakiita kingine moja kwa moja, bila "kama" wala "mithili ya". Ali ni simba. Mkadhani ni mambo ya mtihani. Kompyuta zenu zote zimejengwa kwa sitiari. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa mashine iliyoitwa Star, na kwenye kioo chake wakachora meza ya karani: karatasi, mafaili, kikapu cha barua zinazoingia na kikapu cha zinazotoka. Hakuna karatasi mle ndani, hakuna kikapu, ni umeme tu. Lakini karani aliyeketi mbele yake alijua aanzie wapi. Hata hili neno letu mtandao ni sitiari, limetoka kwenye kutanda, ile kazi ya buibui.

Basi nikasema nami nitafute sitiari yangu, niijengee tovuti upya juu yake. Na hapa ndipo nilipopotea kwa miezi minane.

Kwanza nilitazama wenzetu wamefanya nini. Katikati ya miaka ya 1990 Wamarekani walikuwa na GeoCities, huduma ya kujengea kurasa za mtandao, na sitiari yake ilikuwa mji. Ulikuwa ukichagua mtaa, watu wa sinema mtaa wa Hollywood, watu wa kompyuta mtaa wa SiliconValley, ukapewa kiwanja chenye namba, ukajenga ukurasa wako. Mamilioni ya watu walijenga. Yahoo ikaununua mji ule 1999, na Oktoba 2009 ikaufunga, ukabaki wa Japani peke yake hadi 2019. Kuna walioukimbilia wakainakili mitaa kabla ya tingatinga kufika, wengine waliamka wakakuta uwanja mtupu. Mwaka huohuo wa 2009 ndio mimi nafungua tovuti yangu, na wala sikuwa na habari.

Wengine siku hizi wanapenda bustani. Mwaka 2015 mwalimu mmoja wa Marekani, Mike Caulfield, alitoa hotuba akitofautisha bustani na mkondo wa maji: kwenye mitandao ya kijamii maneno yanapita kama maji, kwenye bustani unapanda wazo, unarudi kulipalilia. Fikra nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mimi mtu wa pwani, bustani naijua ni ile ya manispaa yenye kibao cha "usikanyage nyasi". Ningesema shamba, jamaa zangu wangeuliza mavuno yako wapi.

Nilijaribu kanga. Kanga mnajua ina pindo, ina mji, ina jina. Nikasema, pindo ni fremu ya ukurasa, mji ndio maelezo yenyewe, jina ni kichwa cha habari. Ikakaa vizuri mno! Mpaka leo nikiandika ukurasa mmoja najiuliza jina lake liko wapi, maana kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Ila kanga inakupa ukurasa mmoja. Haikuambii ukurasa wa pili uko wapi, wala njia ya kutoka wa kwanza kwenda wa tano. Nikaiweka kando.

Nikafika kwenye nyumba. Na nyumba yenyewe si yoyote, ni nyumba ya bibi yangu Lamu, ya mawe, nilikolelewa mpaka darasa la nne.

Sasa sikilizeni nilivyoiharibu. Nilimwita mtoto wa dada yangu, fundi hodari, nikamwambia nataka mlango. Tukapiga picha mlango wa nakshi, mkubwa, umejaa kioo kizima. Katikati ya mlango wa Kiswahili kuna ule mhimili unaoitwa mfaa, basi tukaandika, "Bisha hodi, bonyeza mfaa." Ukibonyeza, sauti inagonga, ngo ngo ngo, mlango unafunguka taratibu. Ndani, menyu yangu ikasoma: Daka. Tekani. Kiwanda. Msana. Ndani. Niliitazama nikajiona nimefika. Nikawatumia watu kumi.

Sita hawakuvuka mlango. Picha ilikuwa nzito, simu zao zilihangaika nayo wakachoka. Shangazi yangu aliyevuka akasema hakujua mfaa ni kitu cha kubonyezwa, alidhani ni picha nimemtumia ya Sikukuu. Na rafiki yangu wa Dodoma akaniandikia, "Nimeingia. Msana ndio nini? Ni mtu au ni mchana umekosewa herufi?" Kina mama wa zamani walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilikuwa nimejenga mlango, basi.

Baadaye nikaja kujua kwamba Microsoft walifanya kosa langu kabla yangu, tena kwa fedha nyingi zaidi. Mwaka 1995 walitoa programu iliyoitwa Bob. Ukiwasha kompyuta unakuta sebule imechorwa, ina meko ya moto, kalenda ukutani. Ukitaka kuandika barua unabonyeza vifaa vya kuandikia vilivyowekwa sebuleni. Na wa kukuongoza ni mbwa, anaitwa Rover. Mbwa, sebuleni! (Naona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa.) Mwaka uliofuata Bob alikwishaondolewa sokoni. Nyumba ilichorwa mpaka kwenye meko, lakini mtu aliyetaka kuandika barua tu ilibidi kwanza atembezwe sebuleni.

Basi tovuti ile nikaifunga, nikaweka ukurasa mmoja wenye jina na namba ya simu. Nikaenda Lamu kwa Maulidi.

Nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, ukizijua moja umezijua nyingi. Unapotoka njiani unakuta daka, kijukwaa chenye kivuli na viti vya mawe huku na huku, nje ya mlango. Ukiingia unapita tekani, ukumbi mdogo, na humo njia inakata kona, kwa hiyo mpita njia hata mlango ukiwa wazi anaona ukuta tu. Ukikata kona unatokea kiwanda, ua usio na paa, penye mwanga. Kutoka uani unapanda kidogo msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, unapanda tena kidogo msana wa yuu, ukumbi wa juu. (Ndiyo, tini na yuu, Waamu ndivyo wasemavyo, msinisahihishe.) Kisha ndani. Kila hatua sakafu inainuka kidogo na mwanga unapungua kidogo, na aliyefika hapo anazidi kuwa mtu wa karibu.

Nimelelewa mle, nikaruka vizingiti vile mara elfu, na sikuwahi kufikiri kwamba ile nyumba inazungumza. Jioni moja nimekaa kwenye daka, barazani kwa bibi, akapita muuza samaki, akaketi, akaulizwa hali ya bahari, akapewa kahawa, akaondoka. Hakuulizwa jina. Hakuingia ndani wala hakuhitaji. Shughuli yake ilimalizika pale pale kwenye jiwe.

Tovuti yangu kabla ya kukusomesha mstari mmoja ilikuwa inakurukia na kisanduku: "Andika barua pepe yako upate habari zetu." Habari zetu, na ni mimi peke yangu! Nani humkaba mgeni barazani amwandikishe jina kabla hajaketi? Niliporudi Mombasa kitu cha kwanza kufa kilikuwa kile kisanduku. Na ukurasa wa mbele ukawa daka kweli: jina langu, natafsiri nini kutoka lugha gani kwenda lugha gani, ukurasa mmoja ni bei gani, simu. Mteja anaweza kumaliza shida yake pale pale akaenda zake. Wengi ndivyo wanavyofanya, na sasa sioni kwamba nimewapoteza.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa tofauti. Ule mlango wa nakshi ulikuwa picha ya nyumba. Daka lile halina picha hata moja. Hakuna neno "daka" popote kwenye tovuti yangu leo, menyu inasema Kazi, Makala, Kanga, Wasiliana nami, na mtu wa Dodoma anaelewa. Sitiari imekwenda kukaa kichwani mwangu mimi mwenye nyumba. Kazi yake ni kuniamulia. Nikishika kitu mkononi nauliza: hiki ni cha barazani, cha uani, au cha ndani? Nikipata jibu, najua kinakwenda wapi. Sitiari isipokukataza kitu hata kimoja, hiyo ni rangi ya ukuta.

Na nyumba ilinikataza. Zile picha za wanangu, meno, siku za kwanza shule, nyumba ilizitazama ikasema hizi ni za ndani. Fundi wangu akapendekeza tuweke nywila. Nikafikiri juu ya tekani. Tekani haina kufuli, ile kona tu inatosha, kwa sababu hakuna kinachoonyeshwa kutoka njiani hata kidogo, wala hujui kuna nini cha kutamani. Wazee wetu waliita hiyo sitara. Nywila ni mlango uliofungwa wenye kibao "humu mna mali". Nikaziondoa kabisa kwenye mtandao, zikaenda kwenye diski, na nakala kwa dada yangu. Binti yangu mkubwa, ambaye sasa ana miaka 19, alipojua alinikumbatia. Hakuwahi kuniambia kwamba wenzake shuleni walikuwa wakizitafuta wamcheke.

Jambo jingine ni boriti. Chumba cha nyumba ya Lamu ni chembamba na kirefu, mnajua kwa nini? Dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti wa kwenda mbali. Upana ukikaribia mita 3 boriti imefika mwisho wake. Tajiri wa ng'ambo na mwenzake wa kipato cha kawaida wote walilala kwenye upana uleule. Aliyetaka makuu alirefusha chumba, au alipamba ukuta, lakini hakuutanua.

Mnaniona ninakokwenda. Toeni simu mfukoni muitazame. Nyembamba, ndefu, na hakuna tajiri mwenye simu ya upana wa mkeka. Nilikuwa nikichora tovuti kwenye kompyuta ya meza, kioo kipana, safu tatu, kisha naanza kulia nikiiona kwenye simu. Tangu 2010, mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alipoipa jina ile kazi ya kuifanya tovuti ijikunje na kujinyoosha kufuata kioo, mafundi mnaijua. Lakini wengi wenu bado mnachora ukumbi wa dansi kisha mnautafutia boriti. Mimi sasa naanza na boriti. Safu moja. Nikitaka zaidi, narefusha.

Kwa ile misemo ya kanga, nilikwenda kwenye zidaka. Ule ukuta wa ndani wenye vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, walimokuwa wakipanga sahani za Kichina na vitu vya thamani. Kidaka ni kidogo kwa makusudi, unakiwekea kitu kimoja ukakiona. Nami misemo yangu ilikuwa kwenye orodha moja ndefu, mtu anateremka, anateremka, mwishowe macho yake hayasomi tena. Sasa kila msemo una kidaka chake: kanga moja, jina lake, na sentensi mbili tatu za nani aliivaa na alikuwa anamwambia nani. Nilifuta mingi. Niliyokuwa sina hadithi yake ilitoka.

Sabule nayo nitaipitia haraka. Ni kile chumba cha wageni cha juu, kina ngazi yake karibu na mlango. Wafanyabiashara waliokuja na kaskazi walikaa humo wakisubiri upepo ugeuke, wala hawakupita katikati ya nyumba ya watu. Wahariri ninaofanya nao kazi nimewapa sabule: anwani moja fupi, wanakuta mikataba na mafaili yao, hawapiti kwenye mapishi.

Sasa niseme mahali nyumba iliponidanganya, kwa sababu nikikaa kimya mtakwenda kujenga mkanilaumu.

Nyumba ya mawe ina mlango mmoja wa mbele. Kila mgeni anaanza kwenye daka, anakwenda hatua kwa hatua. Kwenye mtandao hakuna adabu hiyo. Mtu anatafuta kwenye Google msemo wa kanga, na anadondoka kutoka darini moja kwa moja mpaka ndani, juu ya kitanda. Hajaona daka wala hajui nyumba ni ya nani. Miezi mitatu baada ya kufungua tovuti mpya nilipata ujumbe kutoka Muscat, mama mmoja aliyezaliwa Unguja. Amesoma kidaka kimoja, amelia, na anauliza, "Aliyeandika haya ni nani?" Jina langu lilikuwa kule mbele tu, barazani, ambako yeye hakupita.

Ikabidi niivunje sitiari. Kila ukurasa, hata wa ndani kabisa, sasa una daka lake dogo chini: mimi nani, uko wapi, na pa kwenda kutoka hapo. Mwashi wa Lamu angenicheka, kila chumba kina baraza! Acha acheke, yeye wageni wake hawashuki kwa darini.

Na kosa la pili, hili la mafundi. Nilipohamisha vyumba nilibadilisha anwani zote. Makala iliyokuwa mahali pamoja tangu 2011 ikapata anwani mpya, nzuri, fupi. Walimu waliokuwa wameiweka kwenye maelezo ya wanafunzi wao wakawa wanabisha hodi kwenye ukuta. Tim Berners-Lee, aliyeubuni huu wavuti pale kwenye kituo cha utafiti cha CERN, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki, na nadhani watu huisoma baada ya kubadilisha. Mtoto wa dada yangu alikesha siku mbili akiweka maelekezo, kila anwani ya zamani impeleke mgeni kwenye mpya. Alinitoza, na alikuwa na haki.

Mwenyekiti nimekuona. Namalizia.

Kuna chumba kimoja sijawatajia. Nyuma kabisa ya nyumba ya Lamu, kupita ndani, kuna kijichumba kinaitwa nyumba kati. Humo wanawake walijifungulia, na humo maiti ilioshwa. Bibi yangu alioshwa humo. Kwa muda mrefu kwenye ramani yangu ya tovuti chumba hiki nilikiacha wazi, sikujua kiwe nini, na nilikataa kukijaza kwa sababu tu sitiari ilikuwa inacho.

Mwaka jana niliugua, si sana, lakini nililala hospitali wiki moja na nikawaza nani anajua nywila zangu. Nilipotoka niliandika karatasi moja kwa mkono. Domeni, lile jina la tovuti, inalipiwa wapi, seva ni ya nani, diski ya picha iko kabati gani, yapi yabaki hewani na yapi yafutwe siku hiyo hiyo. Karatasi ile haipo kwenye mtandao. Iko kwenye kasha la bibi, na nilimwonyesha binti yangu. Akaisoma mpaka chini bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Mama, na domeni inalipwa mwezi gani?"

Mwezi wa Machi, nikamwambia. Kabla masika hayajaanza.

Akachukua kalamu, akaandika pembeni.

Ahsanteni sana. Nadhani kuna maswali.